Stany Kabemba Atafuta Ugonjwa wa Moyo

Katika Kolwezi nzima hakuna mtu aliyewahi kuutafuta ugonjwa kwa bidii kama Stany Kabemba! Watu wengine ugonjwa huwafuata wao, wakaukimbia, ukawakamata. Stany aliuendea mwenyewe, amevaa koti la harusi na viatu vilivyopigwa rangi, akabisha hodi, na ugonjwa ukakataa kumpokea.

Kabla ya hapo alikuwa mzima kupita kiasi, na alitaka kila mtu ajue. Alikuwa Président wa kamati ya mtaa wa Wagoni, cheo alichojipa siku ambayo wengine walichelewa kufika mkutanoni. Akipita barabarani alijipiga kifua kwa ngumi, du! du!, hata kuku wakatawanyika.

"Hii moyo munaona," alikuwa akisema, "haiko moyo. Ni moteri ya locomotive! Mi nilitoa treni Tenke, nikaifikisha Kasaji, frein zimekatika njiani, na sikutoka hata jasho!"

Kwamba alifanya kazi relini, hilo hatumnyimi. Alikaa dirishani pale Tenke, akiuza tiketi. Ile treni iliyokatika breki aliisikia ikipita, akaingia chini ya meza, na hakutoka mpaka mkuu wa stesheni alipokuja kumwambia kuwa treni imesimama yenyewe.

Basi, kampuni kubwa ya madini ya serikali ikaanguka. Reli ikalala, mishahara ikalala, na watu wa kazi wakarudi nyumbani kusimulia walivyokuwa. Halafu zikaja kampuni mpya na malori ya manjano, na shimo la mgodi likaanza kutembea. Ndiyo, kutembea! Watu walipojenga lilikuwa kule mbali, upande wa pili wa barabara. Tulipokuja kushtuka lilikuwa nyuma ya choo cha Stany. Kila alasiri king'ora kinalia, baruti inapasuka, sahani zinacheza kabatini, na ukuta unapata ufa mwingine. Ufa wa sebuleni ulipanuka hivi kwamba Fidélie, mke wa Stany, aliomba chumvi kwa jirani kupitia humo bila kutoka nje.

Ndipo kampuni yenye shimo hilo ikaleta habari njema. Ilisema imeona, kwa huruma nyingi, kwamba mtaa huu una hatari kwa sababu uko karibu na shimo. Kwamba shimo ndilo lililowafuata watu, hilo halikuingia katika hotuba. Kwa hiyo wakazi wote watafukuzwa, samahani, *watahamishwa*, waende porini upande wa Kasaji. Huko kampuni imewajengea nyumba nzuri za mabati, zilizokosa maji, kivuli, soko na barabara tu.

Mtaa ukawaka! Wakaitana, wakapiga kelele, wakamtuma Président.

"Mi nitaingia mu bureau yabo," Stany aliapa, "nipige meza mpaka ipasuke! Mi siogopaka mutu!"

Akaingia. Wakampa kiti chenye magurudumu na chupa ya soda baridi. Alipotoka, watu walikuwa wamejaa getini.

"Nimebakatalia!" akatangaza.

"Umebakatalia nini, Président?" akauliza Bilali, jirani yake, dereva wa lori anayebeba mihogo kati ya Kasaji na mjini.

"Balitaka tutoke lundi. Nimebasukuma siku moja nzima, mpaka mardi!"

Lakini kuna neno moja Stany alilisikia katika ofisi ile, na hakuiambia kamati yake. Wenye ugonjwa wa moyo, kama daktari wa kliniki ya kampuni atauthibitisha, hawatapelekwa porini. Watapewa nyumba ya matofali mjini, jirani na kliniki, mgonjwa pamoja na mtu mmoja wa kumtunza. Aliingia ofisini na moyo wa locomotive. Alipovuka lango kurudi nyumbani, alikuwa ameshika kifua.

Kuanzia siku hiyo akawa hoi. Alitandikiwa mkeka uani, mahali ambapo kila mpita njia angemwona vizuri. Hakuweza kuinua kikombe, isipokuwa kilipokuwa na kitu ndani. Watu walikuja kumpa pole, naye alijibu kwa sauti nyembamba kama ya mtu anayepiga simu kutoka ahera.

Kazi zote zikamwangukia Fidélie. Ndiye aliyefunga vyombo, ndiye aliyepanda juu ya nyumba kung'oa mabati, kwa sababu mtu akihama huku kwetu haachi bati lake. Ndiye aliyeteka maji bondeni na kupanda nayo mlima, beseni kichwani. Njiani alikuwa akisimama, anaweka beseni chini, anashika kifua kweli, si cha maonyesho, anangoja kidogo, halafu anaendelea.

"Tata Mignonne," alimwambia siku moja, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Likasi, "hata mi kifua kinacheza. Kinakimbia, kinasimama, kinakimbia tena."

"Ah, mama Mignonne!" Stany alikasirika kwelikweli. "Mu nyumba moja hamuwezi kuwa bagonjwa babili! Ule mugonjwa ni mi. Ongeza sukari mu chai."

Na mama wa watu akaongeza sukari. Mimi ninayesimulia, hapo ndipo hasira hunipanda, lakini tuendelee.

Bilali ndiye aliyemfungua macho kuhusu vipimo. Aliwahi kupimwa moyo alipotafuta permis, ile leseni ya kuendesha malori makubwa.

"Banakubandika nyuzi ku kifua," Bilali alieleza. "Halafu kwenye televizyo kunatokea mustari. Ukitingisha bega, mustari unaruka sawa chura. Mi nilikohoa kidogo tu, docteur akakimbia kuita mwenzake!"

Bilali alikuwa anasimulia ili wacheke. Stany hakucheka, alikuwa anajifunza. Asubuhi iliyofuata alijibandika kamba za kuanikia nguo kifuani kwa plasta, akalala chali, akaanza mazoezi. Alitingisha bega la kulia. Alitingisha la kushoto. Kwa juhudi na nidhamu, ambazo reli haikuwahi kuziona kwake, akafikia hatua ya kutetemesha ziwa moja huku lingine limelala usingizi! Fidélie alipomkuta hivyo alidhani ni degedege, akamwaga maji yote aliyoteka kwa kumkimbilia.

"Repos, tulia!" Stany akafoka. "Niko mu kazi!"

Siku ya kipimo ikafika, kesho yake malori yaje. Stany alipewa lifti katika lori la Bilali, mbele, karibu na dirisha. Fidélie alipanda nyuma na mto wa mgonjwa, chupa ya chai ya mgonjwa, blanketi la mgonjwa na beseni kama mgonjwa atatapika. Kliniki ilikuwa imejaa watu wa mtaa wa Wagoni. Inaonekana ile siri ya ofisini ilikuwa imetoroka, maana nusu ya mtaa ilikuwa kwenye foleni, wote wameshika vifua.

Kabla ya kuingia, Stany alikunywa kahawa nyeusi birika zima ili moyo uvurugike vizuri. Akapokewa na Numbi, fundi wa mashini, kijana mpole mwenye koti jeupe. Numbi aliwavua wote wawili kila chuma: saa, mkanda, hereni za Fidélie, hata pini za nywele. Mashini yenyewe ilikuwa tunu ya kliniki, pango jeupe la kupiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, na sumaku haina utani na chuma. Kisha Stany akalazwa juu ya kitanda chembamba mbele ya lile pango, na Fidélie akaambiwa angoje koridoni.

Stany akafungua kifua. Akakaza mabega. Alikuwa tayari.

"Nyuzi ziko wapi?" akauliza.

"Nyuzi gani, tata?"

"Zile za kubandika ku kifua!"

"Ah, tata, hizo hatuzitumikishi. Humu sumaku inazivuruga, zinasema bongo, uongo mutupu." Numbi akavuta mkono wa plastiki uliokuwa juu ya kitanda. Mwishoni mwake palikuwa na kisanduku kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni. "Siye tunatumikisha haka. Kanatuma mawimbi, kidogo sawa ya telefone, yanagonga ku kifua yanarudi. Moyo ikipiga, kifua kinanyanyuka kidogo sana, weye mwenyewe hauone, mais kenyewe kanaona. Hakakuguse hata kidogo!"

"Na kanafanya nini na hiyo?"

"Kanaambia mashini wakati. Ni sawa foto ya mutoto mwenye kucheza: unangoja atulie, njo unapiga. Moyo ikitulia kati ya pigo na pigo, mashini inapiga picha. Isipotulia, inangoja."

Kampuni iliipenda mno mashini hiyo. Kusikiliza mioyo ya watu bila kuwakaribia ndiyo iliyokuwa desturi yake na raia tangu siku ya kwanza.

Stany alihisi dunia inamponyoka. Mazoezi yote yale! Zile kamba! Lakini Président hakati tamaa upesi. Akaanza kutingisha bega la kulia, polepole, kama mtu anayeota.

"Tata, usitingishe bega."

"Ni moyo hiyo!"

"Ni bega, tata. Kale kasanduku kanajua bega ni bega."

Ukutani kulikuwa na skrini, na juu yake moyo wa Stany Kabemba ukaanza kujiandika, kilima, bonde, kilima, bonde, vimepangwa sawasawa kama matuta ya mihogo katika shamba la mtu mwenye bidii. Stany akabana pumzi. Matuta yakabaki sawa. Akafikiria mambo ya kutisha, pori la Kasaji, nyoka, kuchimba choo. Matuta yakakaribiana kidogo, kwa ile kahawa, lakini mstari haukupinda.

Docteur Mianda, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa nyuma ya kioo akitazama. Sauti yake ikatoka kwenye kipaza sauti.

"Félicitations, tata. Hii moyo ni ya kijana."

Hakuna mtu aliyewahi kupokea habari njema kwa uchungu kama ule!

"Docteur, angalia muzuri!" Stany akalia. "Angalia nyuma yake! Pengine ugonjwa umejificha!"

"Tutaangalia ndani," docteur akasema, na Numbi akabonyeza kitufe.

Kitanda kikaanza kuteleza kuelekea pangoni. Mashini ikaanza kugonga: ga-ga-ga-ga-ga! Mtu aliyefikisha treni Kasaji bila breki akaona kichwa chake kinaingia tunelini, na alichosema hakikuwa cha Président hata kidogo.

"Mama Mignonneee! Mama Mignonne, njoo! Bananikula!"

Fidélie alifungua mlango kwa bega. Numbi alikuwa amesimamisha kitanda na kukirudisha nje, lakini Stany aliendelea kupiga mayowe. Mkewe akamwinamia, akamshika mikono yote miwili, akamfunika kwa kifua chake kama anavyofunikwa mtoto radi inapopiga.

"Tulia, tata Mignonne. Tulia. Niko hapa."

Na skrini ikachanganyikiwa! Matuta mawili yakapandana. Kisha likafuata bonde tupu, refu, mpaka mtu anajiuliza kama shamba limeisha. Kisha matuta matatu ya kukimbizana, moja kubwa, mawili ya kupinda. Kisha tena kimya. Mashini ikasubiri utulivu ili ipige picha yake, na utulivu haukuja.

"Inangoja," Numbi akanong'ona.

Stany aligeuza kichwa, akaiona skrini, na hofu yote ikamtoka kwa mara moja.

"Munaona!" akapaza sauti. "Munaona ile? Njo ugonjwa yangu! Nilibaambia! Docteur, andika! Na ile nyumba, mi nataka yenye kuangalia barabara!"

Mlango wa kioo ukafunguka. Docteur Mianda aliingia, lakini hakumtazama Stany. Alikuwa anamtazama Fidélie.

"Mama, rudi nyuma kidogo."

Fidélie akarudi. Matuta ya mihogo yakajipanga, sawasawa, bila kosa.

"Karibia tena, mama. Inama vile uliinama."

Akainama. Shamba likavurugika.

"Rudi."

Likanyooka.

"Docteur," Stany akasema, jasho limeanza kumtoka, "bibi yangu anaharibu mashini. Umutoshe inje!"

"Haharibu kitu, tata. Kale kasanduku kanasikilizaka kifua chenye kuwa karibu. Yake iko juu, ya kwako iko chini yake." Akamgeukia Fidélie, na sauti yake ikalegea. "Mama, kifua chako kinafanyaka nini?"

Fidélie alimtazama mume wake kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kuumwa.

"Kinacheza, docteur. Siku mingi sasa. Nikipanda na maji kinakimbia, halafu ni sawa kinasahau. Mais tata Mignonne alisema mu nyumba moja hamuwezi kuwa bagonjwa babili."

"Iko na haki," docteur akasema. "Muko mugonjwa mumoja tu. Shuka ku kitanda, tata."

Stany akashuka.

Akakaa koridoni peke yake, na mto, na blanketi, na beseni, na chupa ya chai aliyowekewa sukari nyingi. Mlango ulikuwa umefungwa. Kule ndani mashini iligonga, ikanyamaza, ikagonga kidogo, ikanyamaza muda mrefu. Sasa alijua maana ya ule ukimya. Ilikuwa inaungoja moyo wa Fidélie utulie. Kila ilipokaa kimya Stany naye aliacha kupumua, na ilipogonga tena alivuta pumzi. Alimkumbuka mkewe akiweka beseni chini njiani. Alikuwa amemwona akifanya hivyo mara nyingi, kutoka kwenye mkeka, na alichowaza ni kwamba chai itachelewa. Aliogopa safari hii kwelikweli, na hakuwa na wa kumpigia kifua.

Docteur alipotoka, Stany alisimama haraka hata beseni likaanguka na kulia korido nzima.

"Atapona," docteur alisema. "Picha zimetoka muzuri. Moyo yake inapiga bila mupango, lakini kuko dawa, atakunywa kila siku. Asibebe kitu, asilime, asiteke maji. Na akae karibu nasi."

Hapo ndipo agent wa kampuni, bwana mwenye kofia ngumu ya plastiki hata ndani ya nyumba, akasogea na kumwambia Fidélie, aliyekuwa ametoka nyuma ya docteur, kwamba nyumba ya mjini ni yake, na ataje mtu mmoja wa kumtunza. Foleni nzima ya mtaa wa Wagoni ikanyoosha shingo kusikiliza.

Fidélie akawaza. Akawaza sana, kuliko Stany alivyopenda.

"Niko na dada yangu, Ndaya," akasema. "Iko na nguvu, na anajua kupika."

"Mama Mignonne!" Stany akaruka. "Na mi?"

"Weye? Si uko mugonjwa ya moyo?"

"Nani? Mi?"

"Balikuona batu bote, tata Mignonne. Hata kikombe hauwezi kunyanyua."

Stany akatazama foleni. Wote walikuwapo, waliomletea pole, waliomletea machungwa, na Bilali ambaye alikuwa ameuma kofia yake asicheke. Kule porini kulikuwa kunamngoja nyumba ya bati peke yake. Hapa alikuwapo mke wake, na moyo unaosahau.

"Mi siko mugonjwa!" akapiga kelele. "Munisikie bote! Sijagonjwa hata siku moja! Nilikuwa ninabadanganya! Docteur, baambie!"

"Mzima kabisa," docteur Mianda akathibitisha kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Anaweza kazi yote nzito."

Kicheko kilichofuata kilitikisa kliniki kuliko baruti ya alasiri. Fidélie mwenyewe alicheka mpaka docteur akamzuia.

"Bon," akasema akijifuta macho. "Nitamujaribu. Akishindwa, nitamwita Ndaya."

Kesho yake, mardi, malori yakapita mbele ya nyumba ile ya matofali, moja nyuma ya lingine, yamebeba mtaa wa Wagoni mzima: vitanda, milango, mabati, bibi mzee juu ya magodoro akiangalia nyuma. Waliokuwa wameshika vifua jana walikuwa wameshika kuku. Hakuna aliyeimba. Walikuwa wanaondolewa makwao kwa ajili ya shimo, na hakuna mashini iliyowahi kuletwa kusikiliza hilo.

Stany alikuwa uani, amefunga kitenge cha mkewe kiunoni, mikono imejaa povu. Alipowaona alikimbilia barabarani. Moyo wake ulimuuma kwa ajili yao, hilo nalo tusimnyime. Akainua mkono, akasafisha koo atoe hotuba ya kuwaaga.

"Bandugu yangu! Mi Président wenu..."

"Usijisumbue!" Bilali akampigia kelele kutoka dirishani. "Tumesha kuchagua mwingine!"

"Nani?"

"Mbuzi yangu! Haisemaka mingi!"

Na kweli mbuzi alikuwa kule juu, kwenye kiti cha mbele kabisa, akitazama mbele kwa heshima. Lori likapita, na jingine, na jingine, mpaka barabara ikabaki tupu, na Stany mkono wake bado uko juu. Akaushusha. Vumbi jekundu likaanza kushuka polepole juu ya uzio, juu ya kamba, juu ya shuka na vitenge vyote alivyokuwa akifua tangu asubuhi.

Fidélie alikuwa kivulini, kwenye kiti, miguu imenyooshwa.

"Kifua?" Stany akamuuliza.

"Leo kinatembea muzuri." Akaitazama kamba ya nguo. "Mais zile manguo, tata Mignonne..."

"Nimeona."

Akazitoa moja moja, akazijaza kwenye beseni, akalitwika kichwani, akateremka nalo mtoni.